Barua kwa mwanangu, kabla umlete Brayo shule ya huku

Mwanangu Mama Brayo,

Salamu kutoka Butere, sisi ni wazima, mvua tu ndio imezidi hadi watu wa boda wanakataa barabara ya kuja kwetu. Nimeskia venye karo ya huko Nakuru imewalemea na unataka Brayo akuje akae na mimi asome hapa. Kumlea sikatai, huyo ni mjukuu wangu. Lakini umeniuliza kama shule ni nzuri na hapo wacha nikujibu polepole.

Wewe uliingia darasa la kwanza 2003, ile mwaka Kibaki alitoa karo ya primari, na mlijaa hadi wengine wakasomea chini ya mti. Saa hii ukipita hapo utadhani ni likizo. Wazazi wenye wako na kitu kidogo wamepeleka watoto akademi ya sokoni, ile iko na basi, wamebaki wetu sisi wa kuuza ndizi. Na hapo ndio shida inaanzia manake serikali inatuma pesa kwa kichwa cha mtoto, 1,420 kwa mwaka mzima, na zenyewe hukuja zimechelewa. Piga hesabu, shule ya watoto 100 ni 142,000, utoe chaki, utoe stima, utoe choo imebomoka, utabaki na nini? Walimu wa TSC, wale wa kuajiriwa na serikali, nao ni wachache so gredi mbili zinakaa chumba kimoja mwalimu anageuka huku na huku, halafu kuna wale wa BOM, wa kuandikwa na bodi ya shule, tunawalipa sisi wazazi, mwezi ukikosa wanakosa.

Zamani ningekuambia tu wastani wa KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ujue shule iko wapi. Ya mwisho ilifanywa 2023, sasa listi ya kubandika ukutani hakuna, na mimi naona shule mbaya zimepata mahali pa kujificha. Bas nikafanya yangu. Unakumbuka wale watu wa Uwezo, wa kupima kama watoto wanajua kusoma, walikuwa wanapita boma kwa boma na hadithi ya darasa la pili wanaambia watoto wasome? Nimeiba hiyo akili. Niliita watoto wa jirani nikawapa kitabu chenye hawajawahi kuona (cha shule wamekariri hadi nukta, hicho hakiwezi kukuambia kitu). Wa gredi ya tano alikwama mstari wa pili, anatafuna maneno, ananiangalia mdomo. Wa gredi ya tatu akasoma yote na akacheka mahali pa kucheka. Na wote wanatoka shule hiyo moja!

Kuuliza uliza, huyo mdogo alianzia kwa mwalimu wa gredi za chini, mama mmoja wa makamo, anafundisha kwa Kiluhya kwanza halafu anawavusha. Nilienda nikaomba kuona daftari za darasa lake. Kila ukurasa uko na kalamu nyekundu, na si tiki peke yake, pale mtoto amekosa ameandika venye ingefaa kuwa. Yule wa gredi ya tano alibadilishiwa walimu wa BOM ndani ya mwaka mmoja, mmoja anaenda mwingine anakuja, na nani atawalaumu, kila mtu anatafuta ya kudumu. Kwa hivyo ukiniuliza uzuri wa shule yetu ni huyo mama, na yeye anaweza kuletewa barua ya uhamisho hata kesho.

Brayo ataingia gredi ya pili so atamkuta. Mlete. Lugha itamsumbua mwanzo, huko mmemzoesha Kiswahili na Kiingereza hata kunisalimia hajui, atakaa kidogo kama mgeni kwa harusi ya wenyewe lakini kukhu yake niko.

Junior, ile ya gredi ya saba hadi tisa, hapana, na hapo unisikie vizuri. Tangu 2023 junior iko hapo hapo ndani ya primari, na kwetu mwalimu wa Kiswahili ndiye anabeba sayansi na kilimo, maabara ni kabati moja imefungwa kufuli. Akimaliza gredi ya sita tumtafutie penye kuna walimu. Anza kuweka sasa, hiyo karo umeepuka usinunue nayo TV.

Halafu usinitupie mtoto unyamaze. Gorogoro ya mahindi na ya maharagwe ya githeri nitapeleka mimi, lakini mkutano wa wazazi ukuje wewe, mimi nikiuliza headi pesa zimeenda wapi ananiita mama mzee ananipea soda.

Beba cheti cha kuzaliwa, ile yenyewe si fotokopi, na ripoti yake ya mwisho. Yunifomu usinunue huko, fundi wa hapa anashona bei poa. Na utume pesa ya kitanda, kwa kitanda changu hatalala, huyo mtoto anapiga mateke usiku kucha.

Mamako.