Ndege ya zamani haitaki papara

Mhariri, watu wakiona kandege ka zamani kama Piper J-3 Cub, zile zilizotengenezwa hadi 1947, wanadhani hatari ni uzee, mi naona hatari ni rubani mwenye haraka. Kabla sijawasha injini nachota mafuta kidogo toka chini ya tangi kwenye kichupa cha kioo, kama kuna maji yanatuama chini, basi namwaga nachota tena mpaka yawe safi. Geji yenyewe ya mafuta ni waya tu juu ya kizibo kinachoelea (ndio, kizibo!), so kujua mafuta yaliyobaki naiamini zaidi saa ya mkononi, nahesabu muda niliokwisha kuruka. Na kabureta (pale mafuta yanapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) inaganda barafu hata siku ya joto hewa ikiwa na unyevu, wengi hawaamini mpaka injini ianze kukohoa.

Msomaji wenu, rubani