Barua kwa Kabula, aliyeko kambini

Buswelu, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Hatujambo sote. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huko hamruhusiwi, na pia kwa sababu jambo hili kwenye simu ningelifoka.

Jumapili mwalimu wako wa historia alinikuta nje ya kanisa akanipa hongera. Hongera ya nini? Akasema Kabula akitoka JKT anaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasome akiolojia, ile elimu ya kuchimba mabaki ya watu wa kale. Nikatabasamu kama mtu aliyekuwa na habari. Mwalimu alijua, Masanja alijua, mama yako naye alijua maana hakushtuka hata kidogo. Mimi baba mtu nikaja kuambiwa mlangoni pa kanisa, kofia mkononi. Haya. Najua ule usiku ulipoanza kusema nilicheka kabla hujamaliza.

Sikuulizi mshahara, hilo shangazi yako ataliuliza kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi nauliza: jina lako litaandikwa wapi?

Mama yako anakijua kisa hiki, wewe sidhani. Nikiwa na miaka kumi na saba, kule kwetu ng'ambo ya Busisi, walikuja wageni wachimbaji na gari la turubai. Wakatuchukua vijana sita tuwachekechee udongo. Siku ya tisa chekecheke langu likashika kipande cha chungu, kitako kizima, kina kishimo katikati kama mtu amekibonyeza kwa kidole gumba udongo ukiwa bado mbichi. Nikapiga kelele. Wakaja mbio, wakafurahi, wakatandika kitambaa cheusi na kuweka rula pembeni wapige picha. Mimi bado nimekishika. Mwenye kamera akaniambia, toa mkono. Nikatoa. Mwezi ulipoisha wakafunga masanduku wakaondoka, na kama kuna kitabu kilichoandikwa, mkono wangu haumo. Basi wewe uliposema akiolojia, nilichosikia ni toa mkono, nikacheka.

Juzi nilimfuata mwalimu kwake. Nilimbebea sato wawili asidhani nimekuja na ugomvi. Nilipomweleza kile kitako cha chungu akasimama. Anasema vyungu vyenye kishimo namna ile vinaitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya, ambako vilitambuliwa, na vimeenea kuzunguka ziwa hili. Waliovifinyanga ndio waliokuwa wakiyeyusha chuma. Kule Katuruka, Kagera, Mmarekani Peter Schmidt alichimba mabaki ya matanuru ya zaidi ya miaka 2,000, na waliomwonyesha pa kuanzia ni wazee wa Kihaya kwa masimulizi yao. Nikamuuliza, wazee hao waliitwa nani? Mwalimu akamega ugali.

Nadhani alitaka kunituliza, akanitajia Kamoya Kimeu wa Kenya. Huyo alianza kibarua kwa akina Leakey, wale watafuta mifupa ya watu wa kale. Ndiye aliyeliona taya la Peninj, la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, huku kwetu karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964, na mwaka 1984 akaona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa kale wa Turkana, Kenya. Wapo nyani wa kale waliopewa jina lake. Vizuri sana, lakini ni mmoja kati ya vibarua wangapi? Na udaktari wa heshima walimpa akiwa mzee aliyevuka miaka themanini.

Sasa sikiliza nilichokichukua kwa mwalimu, maana wewe ukipenda kitu unakimbilia utamu wake unaacha mifupa. Dar es Salaam walianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu, na humo mnapelekwa porini kuchimba kweli. Usije ukakosa safari hiyo hata moja, hata ukiwa na homa. Lakini shahada ya kwanza peke yake inaweza kukurudisha kwenye chekecheke. Wanaosikika wameendelea. Profesa Felix Chami, Mtanzania mwenzako, aliyechimba Rufiji na kisiwani Juani kule Mafia, uzamivu wake aliupata Uppsala, Sweden, mwaka 1994. Hilo ni jina lililoandikwa juu ya kitabu.

Na kuna hili ambalo mwalimu alilisema akisindikiza, mimi likanikosesha usingizi. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hakuna ruhusa ya kuchimba bila kibali, awe mgeni awe mwenyeji. Kibali kinaandikwa jina la mtu. Hilo jina ndilo ninalolitaka, Kabula. Liwe la kwako.

HGL yako, yaani historia, jiografia na Kiingereza, inatosha kuingia, ila usijidanganye kwamba kazi hii ni historia tu. Jiografia ndiyo itakayokulisha, ramani na kompyuta, na ile kemia uliyoikimbia kidato cha pili utakutana nayo tena. Umri wa mkaa wa kwenye tanuru unapimwa kwa kaboni-14, ile inayopungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Mimi nimeishi na mkaa maisha yangu yote sikujua unahesabu.

Kilichonifurahisha, na nakiri nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha mwalimu, ni kwamba chombo chao kikuu ni mwiko. Mwiko wa fundi! Mdogo kidogo, wenye ncha. Wanapiga kamba kama sisi tunavyopiga msingi, na kona wanainyoosha kwa pembetatu ya tatu, nne, tano, kisha wanashuka taratibu, sentimita kumi kumi, ukuta wa shimo umesimama wima mpaka tabaka za udongo zisomeke. Mtoto wa fundi hawezi kushindwa na ukuta wa shimo. Umekosea kona mara moja tu maishani, ile ya banda la kuku, na wala sikukwambia kwamba kamba niliifunga mimi.

Ukitoka kambini utakaa wiki kadhaa kabla ya chuo. Nenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, uombe kujitolea hata kufagia. Hapana, futa hilo. Omba kuandika orodha ya vitu. Popote utakapokwenda, usitoke shimoni bila daftari lenye mwandiko wako na tarehe.

Tulipochimba msingi wa upande wa chumba chako vilitoka vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyushia chuma, karibu kapu zima. Kokoto zilikuwa ghali mwaka ule. Vimo chini ya sakafu, umelala juu yake miaka yote. Mwalimu sikumwambia.

Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi. Nimekitoa sandukuni, kimeandikwa Kabura. Karani aliniuliza, Kabura? Nami nikaitikia ndiyo, maana nilikuwa nimeacha zege limemwagwa na vijana wamekaa. Vyeti vya shule vyote ni Kabula. Nimekwenda kwa wakili nimeapa, nikamtajia jina herufi moja moja, akaandika, nikamwomba anisomee tena. Karatasi ipo ndani ya Biblia ya bibi, usiitafute kwenye faili.

Mama yako yuko sokoni Mwaloni tangu alfajiri, dagaa wamepanda na anasema wateja wananusa tu na kuondoka. Yule mbuzi mweupe amezaa. Amekutumia soksi mbili na karanga. Nasema mama yako, si mbuzi.

Masanja kahamia chumbani kwako kwa muda. Nilikosea nikamwambia habari za sakafu, sasa nakuta sururu yangu kila siku iko mlangoni pake. Nimemwambia asubiri mwenye kibali.

Ni mimi baba yako