Barua ya wazi kwa vijana wa mita 800 na 1500

Wanangu,

Jumamosi iliyopita niliketi jukwaani, saa ya kupimia mkononi, nikamtazama mwenzenu wa miaka 17 akikimbia mchujo wa mita 1500 asubuhi, fainali ya mita 800 mchana na mbio za kupokezana vijiti jioni, huku muundi wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Katika fainali alimaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 51, na watu wakamshangilia. Zilipobaki mita 150, mabega yalikuwa yamempanda hadi masikioni na miguu ikawa kama inavuka tope, wanne wakampita. Nilipomuuliza kwa nini aliondoka kwa pupa namna ile, alinijibu kwamba Rudisha ndivyo alivyofanya.

Naam, katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Mkenya David Rudisha alipita mita 400 kwa sekunde 49.28 akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Mnachokisahau ni kwamba alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, akaikosa Olimpiki ya 2008 kwa sababu ya jeraha, na mwaka 2009 akatolewa katika nusu fainali ya mashindano ya dunia pale Berlin. Mnauiga mzunguko wake wa kwanza na kuiruka miaka sita iliyouzaa. Hata yeye, mzunguko wa pili ulimchukua zaidi ya sekunde mbili kuliko wa kwanza, kwa kuwa katika mbio hizi misuli hutumia nguvu upesi kuliko pumzi inavyoweza kuirudisha. Sasa wewe ambaye hujamaliza hata msimu mmoja wa mazoezi ya kujenga pumzi, deni hilo utalilipa kwa nini?

Mengine mnayajua, nayataja tu. Siku ya kukimbia polepole, kimbieni polepole. Laleni mapema. Msimeze dawa msiyoijua, maana sheria humbebesha mwanariadha mwenyewe kila kinachokutwa mwilini mwake. Msitie sahihi mkataba wa wakala kabla ya kuusoma wote. Nanyi binti zangu, Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo na tena Paris. Anayewaambia kuwa uzazi ndio mwisho wa mbio msimsikilize.

Hata hivyo, lawama si zenu peke yenu. Kuna mtu mzima aliyeliandika jina la kijana yule katika mbio tatu za siku moja kwa ajili ya kikombe cha kuweka kabatini, na kuna sisi wa jukwaani tunaomwita mtoto bingwa kabla mifupa yake haijakomaa, kisha akivunjika hatuulizi hata amelazwa wapi.

Mwenzenu mwambieni kwamba njumu zake alizozisahau chini ya benchi ninazo mimi. Aje na daktari wake, atakayenieleza hali ya muundi ule, ndipo nitakapompa.