Mwanangu, jina letu halimo kwenye sensa

Mwanangu,

Ugonile. Ujumbe wako umenifurahisha mno. Unasema wenzako huko Uingereza wanafungua sensa za zamani na kumkuta babu wa babu ametajwa jina, umri na kazi, nawe unataka kumtafuta wa kwetu vivyo hivyo.

Huko daftari za sensa hufunguliwa baada ya miaka 100. Za 1921 zilifunguliwa 2022. Tanganyika nayo ilihesabiwa 1948, kisha 1957, lakini kilichochapishwa ni jumla tu: wilaya fulani, kabila fulani, watu kiasi fulani. Babu yako yumo katika idadi ya Wanyakyusa wa Rungwe, ila jina lake hutaliona.

Anzia kanisani. Wamisionari Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe 1891, na waliobatizwa waliandikwa. Mchungaji aliniruhusu kukaa ofisini kwake na kitabu cha ubatizo. Wino umegeuka kahawia na kona zimeliwa na mchwa, lakini mstari wa babu yako unasomeka: namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, kijiji. Jina la ukoo halipo kabisa! Hili tunaloandika leo kwenye vitambulisho alilipata baadaye, shuleni, mwalimu alipomuuliza yeye ni Mwa-nani (majina yetu mengi ya ukoo huanza na Mwa-), naye akamtaja babu yake. Mdogo wake aliandikishwa shule nyingine, akamtaja baba. Ndiyo maana wale wa Kyela wana jina lao na sisi letu, hali tumetoka tumbo moja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukilifuata jina peke yake utaishia kwa babu yako na kuwapoteza nusu ya ndugu. Fuata kijiji, na umfuate mama. Watu wengi huruka safu ya mama wanaponakili, nami naona ni hasara kubwa, kwa sababu majina ya wanaume yanajirudia kila ukoo, na mama ndiye anayekuonyesha ni yupi kati yao.

Kuna na karatasi za kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda 1898, Waingereza wakaendeleza, na wazee walitunza stakabadhi zao vizuri kwa kuogopa kukamatwa. Baba mkubwa ana kopo lenye za baba yake. Nimemwomba tuzipige picha. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nitakwenda mwenyewe. Wewe uko karibu na Ujerumani, basi waandikie wa hifadhi ya Wamoravian kule Herrnhut, utaje Rungwe na mwaka wa ubatizo niliokutumia.

Kabla ya yote mpigie shangazi Jumapili, akishatoka ibadani. Muulize mama yake babu aliitwa nani na alitoka kwa nani. Liandike kama atakavyolitamka, unitumie, nililinganishe na la kitabuni.

Baba yako