Hizo sarafu za Riga

Kaka Salim, mambo vipi,

Picha nimeiona, na umeniuliza mbona sarafu ya Riga ina jina la malkia wa Sweden wakati Riga iko Latvia. Sasa bana, enzi hizo nchi inayoitwa Latvia haipo, Riga ni mji wa matajiri wa biashara, wengi wao Wajerumani, umekaa karibu na pale mto Daugava unapoingia baharini na kila mwenye jeshi anautaka. 1581 wakakubali kuwa chini ya Stefan Batory, mfalme wa Poland, ila haki ya kufua sarafu zao hawakuiachia, basi upande mmoja unakuta jina la mfalme, upande wa pili nembo ya mji, geti lenye minara ama zile funguo mbili zilizopishana. 1621 Gustav Adolf wa Sweden akauteka, wakabadilisha jina la mfalme, funguo zikabaki palepale! Mi hapo ndo nawakubali hao watu.

Hiyo yako ni solidi, sarafu ya chenji, ndogo kama kifungo cha shati, ya binti yake Gustav, malkia Kristina. Usichanganye na zile za Livonia, yaani lile jimbo lililouzunguka mji wa Riga, hizo serikali ya Sweden ilikua inafua yenyewe hukohuko Riga, ukubwa uleule na jina lilelile la Kristina, angalia tu kama kuna funguo, hiyo ndo ya mji.

Alafu kuna ishu moja kali. Solidi ilikua na fedha kidogo sana, iliyobaki shaba, kwahiyo watu waliipokea kwa kuiamini tu, na kitu cha hivyo kughushi kunalipa. Mtawala wa Moldavia, nchi ya zamani upande wa Romania ya leo, Eustratie Dabija, aliyetawala 1661 mpaka 1665, akafungua kiwanda kule ngome ya Suceava akawa anafua solidi feki za Riga, shaba imepakwa fedha juu, yaani serikali nzima inafoji chenji ya mji wa mbali huko! Na feki nyingine zina jina la Kristina, wakati mwenyewe ameshaachia kiti cha ufalme tangu 1654, yuko zake Roma anakula maisha.

Kwahiyo kama yako herufi zimeenda kombo na shaba inachungulia pembeni, usikimbilie kuitupa, mi ningeitaka hiyo hata zaidi ya orijino. Usiisugue na chochote, nitumie picha ya upande wa pili, na shemeji msalimie sana.