Mwanangu, usisubiri kuiona tonado

Mwanangu mpendwa,

Sasa umepata chumba Cedar Rapids, huko Iowa, Marekani, na kiangazi hiki utakuwa mwenyewe, acha nikuandikie habari za radi (mawingu ya ngurumo, mvua na upepo) zinazokuja kwa mstari. Kwanza tusahihishane neno. Wenzetu wengi huko watasema "kimbunga", lakini nyumbani hilo ni neno la bahari: Hidaya, Mei 2024, kilitangazwa siku kadhaa kabla hakijafika Mafia. Cha Iowa si hicho. Mstari wa radi unazaliwa asubuhi, mchana umeshakufikia, na tonado iliyomo ndani yake, yaani upepo unaozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini, inaweza kuanza na kuisha kwa dakika tano. Mimi nitaiita tonado ili usichanganye.

Mstari unajilisha wenyewe. Hewa baridi inaporomoka pamoja na mvua, ikigonga ardhi inatawanyika mbele kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Inapenya chini ya hewa ya joto yenye unyevu (na mwezi wa Agosti mashamba ya mahindi huizidishia unyevu huo), inaisukuma juu, na radi mpya zinaota mbele ya zile za zamani. Ndiyo maana hauchoki haraka. Ule wa tarehe 10 Agosti 2020 ulikwenda takriban kilomita 1,240 kwa saa 14, hadi Ohio. Ni zaidi ya Dar mpaka Mwanza kwa barabara. Ulipofika Cedar Rapids mchana, upepo mkali ulivuma zaidi ya nusu saa. Kilele chake kilikadiriwa kilomita 225 kwa saa, kwa kuangalia jinsi nyumba za kupanga za kusini-magharibi mwa mji zilivyobomoka. Kwenye kipimo cha tonado, kinachoanzia 0 hadi 5, kasi hiyo ingekaa daraja la 3. Na haikuwa tonado. Ulikuwa upepo ulionyooka.

Najua utataka kutazama, na kutazama si kosa. Elekeza macho magharibi kabla ngurumo haijasikika. Ikishasikika tu, umeme wa radi unaweza kukupiga, kwa hiyo tazama ukiwa ndani. Kitakachotangulia ni wingu refu la chini, limelala kaskazini hadi kusini kama ukingo wa rafu, tabaka juu ya tabaka, bluu inayokaribia weusi, na nyuma yake mvua ina rangi ya kijani hivi. Watu hulipiga picha wakaandika "tonado". Siyo; ni paji la ile hewa baridi. Piga hesabu: mstari ukienda kilomita 90 kwa saa, ni kilomita moja na nusu kila dakika. Likiwa kilomita 15 kutoka kwako, una dakika 10. Ukimaliza nane kwa picha, zimebaki mbili za kushuka ngazi. Majani ya miti yakigeuka yote kwa pamoja kuonyesha migongo yake meupe, weka simu mfukoni uteremke.

Tonado za mstari hazisimami peupe kama zile za picha za Oklahoma. Zimefunikwa na mvua, na dirishani utaona weupe tu. Kwenye rada ya simu, angalia mahali mstari ulipotoa tumbo mbele kama upinde. Upepo mbaya kuliko wote uko kwenye kilele cha tumbo hilo, na mzunguko wa upepo unaozaa tonado hupenda kuota hapo hapo au kaskazini yake kidogo, hasa penye pengo kama kipande kimenyofolewa. Nyingi ni za daraja la 0 na la 1, lakini huja kwa wingi: tarehe 15 Julai 2024, ofisi ya hali ya hewa ya Chicago ilihesabu 32 katika eneo lake pekee. Rada nayo ina upofu wake. Inarudi kutazama chini baada ya muda, na mwale wake hupanda kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo mzunguko mdogo wa chini unaweza kuzaliwa na kufa haujaonekana. Ndiyo sababu onyo la radi kali nalichukulia kama la tonado.

Onyo hilo hutolewa kuanzia upepo wa kilomita 93 kwa saa, au mvua ya mawe ya sentimita 2.5. Kwa kiwango hicho simu hailii. Tangu 2021 hulia upepo ukitarajiwa kufika kama kilomita 130 kwa saa. Mwaka 2020 haikulia kwa upepo peke yake. Usizime mlio huo eti unakukatiza usingizi. Ving'ora ni kwa ajili ya walio nje, ukiwa ndani na feni inazunguka huenda usivisikie.

Wewe uko ghorofa ya tatu. Ongea mapema na mtu wa chini mkubaliane mtaingia kwake: bafuni au kwenye kabati la nguo la katikati, pasipo dirisha. Kama hataki, basi korido ya chini, mbali na mlango wa vioo. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana kinachojeruhi watu baadaye ni vioo vilivyotapakaa. Helmeti ya baiskeli inafaa sana, hata ukichekwa. Usifungue madirisha "kusawazisha hewa". Huo ni uzushi, unauingiza upepo ndani ukainue paa. Ukiwa barabarani usijifiche chini ya daraja, upepo hubanwa pale ukaongezeka kasi. Tafuta jengo.

Halafu umeme. Mwaka 2020 wengine walikaa hadi wiki mbili gizani. Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa muda wa saa 4, friza iliyojaa saa 48. Hapa ndipo wenzetu huponzwa: jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata dirisha likiwa wazi, na jenereta ikae nje angalau mita 6 kutoka madirishani. Waya ulioanguka, kaa mita 10 mbali nao.

Maonyo ya simu huja kwa Kiingereza na Kihispania. Wazee wa korido yako waliotoka Uvira na Bujumbura hawatayasoma, watakutegemea wewe. Kubalianeni jinsi ya kugonga: mara tatu na neno "shukeni", basi. Kaongee na wa chini kabla ya Ijumaa, kisha nipigie uniambie amesemaje.

Baba yako