Barua kwa Mwanangu Anayesomea Famasia

Mwanangu mpendwa,

Hapa Korogwe hatujambo. Kilichoninyima usingizi ni ile sentensi uliyoiandika kama utani, kwamba kozi ya utangulizi inakuchosha kwa sababu ulikwenda Muhimbili kujifunza kuvumbua dawa, na badala yake unafundishwa kupima unga kwenye mizani na kuchagua kimiminika cha kuyeyushia. Umemwandikia hayo mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa tangu hujazaliwa.

Yule mwanasayansi mwanamke wa China, Tu Youyou, ni wewe uliyenisimulia habari zake, nami nilijivuna hata kwa majirani. Katika mradi wa siri wa China ulioanza mwaka 1967, watafiti waliotafuta dawa ya malaria walihangaika na pakanga, mmea uliojulikana huko kwa karne nyingi, lakini matokeo hayakuwa ya kutegemewa kwa kuwa moto wa kuchemshia uliharibu kiini cha dawa. Tu alipoyeyushia kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, mwaka 1971 akapata kiowevu kilichomaliza vimelea vya malaria katika panya na nyani wa maabara. Ndiyo asili ya dawa mseto tunayoimeza leo. Sasa niambie, mwanangu, alivumbua mmea au njia ya kuyeyushia?

Tena yapo ya Marekani, mwaka 1937. Salfanilamaidi ilikuwa dawa ya kweli, ila walipotaka kuifanya ya maji waliiyeyusha katika daiethilini glaikoli, wakakagua ladha, harufu na rangi, wasikague sumu; wakafa watu zaidi ya 100, watoto wakiwemo. Usidhani ni mambo ya kale, kwani mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo somo hilo unaloliita la wapishi, lisome.

Yaliyompata mdogo wako unayajua, sitayarudia. Nitasema tu kwamba enzi za klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani, dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge 10, yaani vinne, vinne, kisha viwili, na wateja wengi walikuja na fedha ya vidonge vinne. Maduka yote yaliwauzia. Homa ilishuka, wakashukuru, na vimelea vilivyosalia vikazidi kuizoea dawa, hata mwaka 2001 Serikali ikaacha kuitumia kama tiba ya kwanza. Ningewafukuza, wangekwenda duka la jirani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati ule. Wewe hutakuwa na kisingizio hicho, maana unafundishwa.

Wewe ni mwepesi wa akili kuliko sisi sote, na wepesi huo ndio ninaouogopa, kwa sababu tangu utotoni hukadiria kwa jicho pale wenzako wanapopima. Usikadirie. Ukichoka, iache kazi hadi kesho, lakini usikadirie.

Fedha ya koti la maabara nimeituma jana. Nimemuuza yule beberu mweusi, baba yako bado anaulizia alikokwenda. Bati la jikoni linavuja tena, na fundi ametaja bei ambayo sitaiandika hapa. Shangazi yako atakuja Dar es Salaam Ijumaa na mchele pamoja na shuka lako la bluu, basi mpokee stendi mapema, kwani simu yake haikai na chaji.

Mama yako